Kadi ya Dhahabu na Samaki wa Yaya

Ujumbe ulinikuta soko la Kashikishi, mikono yangu ikiwa na magamba ya samaki mpaka viwikoni. Niliifungua simu kwa ncha ya pua, maana ndiyo sehemu pekee iliyokuwa kavu. Kampuni ya ndege iliniita mgeni wake wa thamani. Ikaniarifu kwa masikitiko kwamba safari zangu za mwaka hazikutosha, na kadi yangu ya dhahabu ilikuwa karibu kufa. Lakini nisihuzunike: ningeweza kulipa kidogo nikabaki na heshima yangu. Hicho kidogo chao, hapa wilayani Nchelenge, kingeezeka nyumba ya mtu kwa malata mapya, yale mabati yanayong'aa mpaka yanamuumiza jirani macho.

Mimi ni mtu wa Kilwa, ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo. Biashara ndiyo iliyonivusha. Nachukua samaki wakavu wa huku nikawauzie Wakongo wenzangu walioko Dubai, ambao kwa hamu ya kwao hulipa bila kubishana, kisha narudi na nyavu, taa za betri na vitenge vinavyoapa kwamba vimetoka Uholanzi. Mwaka mmoja mambo yalininyookea, nikaruka kuliko bata, na kampuni ikaniletea kadi ambayo sikuiomba. Wahenga walisema rahisi ni ghali. Cha bure hawakukitaja, nadhani kwa sababu hawakuwahi kupanda ndege.

Nikakaa juu ya gunia nikaanza kuipima ile heshima kama ninavyopima samaki, kwa kuinusa kwanza.

Tuseme ukweli kuhusu kuingia ndegeni wa kwanza, heshima ya kwanza ya kadi ile. Kwenye mashua zetu za injini, anayeingia wa kwanza husukumwa chini kabisa, kwenye maji yaliyochanganyika na mafuta. Juu yake hupangwa magunia, juu ya magunia kuku, na Kilwa ikifika yeye ndiye wa mwisho kushuka. Mtu mwenye akili huchelewa. Kwa hiyo siku ya kwanza binti mmoja wa uwanja wa ndege wa Lusaka aliponiita mbele ya watu wote, nilikataa. Nilimwonyesha bwana mmoja mnene nikasema, aanze huyu, mimi sijamkosea mtu. Walipokwisha kunielewesha kwamba ni heshima, niliingia, nikafunga mkanda, nikakaa nikitazama ndege nzima ikinipita na mabegi yake yakinigonga kichwani. Mpaka leo sijajua nilizawadiwa nini pale. Ndege ilingoja mpaka wa mwisho akakaa, ndipo ikaondoka na sisi sote.

Halafu kuna kile chumba cha kungojea cha wakubwa. Niliingia nikasalimia kila mtu, kama inavyotakiwa ukiingia mahali penye watu. Waliniangalia kana kwamba nimekuja kukopa. Kila mmoja alikuwa ameutazama ukuta wake, mbele yake kisahani chenye chakula cha kumtosha mgonjwa. Kwetu hata msibani watu huongea zaidi. Nilikula, nikala tena, nikatoka.

Faida ya kweli ilikuwa moja tu: sanduku la ziada. Nayo niliipoteza siku ileile niliyoipata, kwa mdomo wangu mwenyewe, maana nilisimama kanisani kutoa ushuhuda. Nilisema Mungu ameniinua, sasa naruhusiwa kubeba sanduku moja zaidi. Walipiga vigelegele. Jioni ua wangu ulijaa vifurushi. Kila mama mwenye mtoto Dubai alileta chake: unga wa muhogo, karanga, na chisense, wale samaki wadogo wanaokaushwa juani ufukweni. Tangu siku hiyo sanduku la dhahabu likawa la pwani nzima, na mimi nikawa punda wake, punda anayeitwa madamu.

Kifurushi kisichokosekana kilikuwa cha jirani yangu. Ni mjane aliyekimbia vita upande wa Pweto, kwetu Kongo, analima muhogo, na kwa kuwa amenizidi umri namwita Yaya, kama tunavyomwita dada mkubwa kwetu. Mwanawe mmoja tu aliyebaki analinda mlango wa ghorofa huko Dubai. Yaya haandiki, na simu anaiona kama kitu cha kupigia kelele. Yeye huongea na mwanawe kwa chisense. Huwakausha mwenyewe, huwachagua mmoja mmoja, huwafunga kwenye kipande cha kitenge chake alichokwisha kukivaa, ili harufu mbili zifike pamoja.

Basi nilikata shauri: silipi. Tuna chilimba yetu, akina mama wa nyuma ya soko. Kila mwezi tunatoa sote, anachukua mmoja. Jumapili walipokusanyika kwangu nikawaambia kadi inakufa, na mimi siiwekei matanga.

"Utaiacha ikufe namna gani?" akaruka muuza vitumbua, mwenyekiti wetu. "Ile kadi iko ya siye bote!"

"Basi muilipe bote," nikajibu kwa hasira, nikidhani nimemfunga mdomo.

"Bon. Tuiingize mu chilimba. Na yenyewe ikule zamu yake."

Nilicheka. Wao hawakucheka. Dakika chache baadaye kadi ya kampuni ya ndege, kitu kisicho na tumbo wala mtoto wa shule, ilikuwa mwanachama wa chilimba ya Nchelenge. Likabaki swali la nani aipishe zamu. Wote wakaangalia chini, maana kila mmoja alikuwa na shimo lake la kuziba.

"Zamu ya leo njo yangu," akasema Yaya. "Ikule yangu."

Nilijua zamu ile ilikuwa ya nini. Nyasi za paa lake zilikuwa zimeoza, na masika yaliyopita alilala na sufuria kitandani, akiisogeza kila tone lilipohama.

"Yaya, na malata?"

"Malata itangoja. Mvua, njo leo ninaiona mara ya kwanza?"

Nikalipa kampuni. Kampuni ikanipongeza kwa uaminifu wangu. Nilipokuwa naondoka Yaya alinipa kifurushi chake akaninong'oneza, "Akiuliza nyumba, umuambie malata iko juu."

Huko Dubai kijana wake alinikuta mlangoni pa soko la vitenge, na sare yake ya ulinzi, jasho likimtiririka. Hakunisalimia kwanza. Alikifungua kifurushi palepale, akainusa ile nguo, akatia chisense mkavu mdomoni, akafumba macho.

"Mama eko muzima? Alishaka kuezeka?"

Kuongopa naweza, mimi ni mfanyabiashara. Lakini hasira ilinipanda, sijui ni kwa kampuni, kwa Yaya au kwa yule kijana anayetafuna kwa raha hivyo.

"Hii unakula, njo malata ya mama yako," nikamwambia. Nikamweleza yote, chilimba, zamu, sufuria.

Aliacha kutafuna. Akasimama pale na chisense shavuni, mwanamume mzima, watu wakipita na mikokoteni yao. Kabla sijaondoka alikuja hotelini na bahasha. Alisema tu, "Ya paa."

Kwetu pesa ya mtoto sharti ipite mkononi mwa mama, aibariki kwanza. Kwa hiyo nilimkabidhi Yaya bahasha. Aliitemea mate ya baraka, akaiweka kifuani, akafunga macho kidogo. Kisha akanirudishia.

"Weka ya kadi, mwaka kesho."

"Yaya! Kijana amesema ya paa!"

"Malata haiendake kwa mutoto wangu," akasema. "Kadi inaenda."

Nililia, siwezi kuficha. Nililia kwa uchungu na kwa ghadhabu, kwamba watu wanaojua kurusha nyumba ya chuma angani wameshindwa kumpitisha mama na konzi ya samaki mpaka alipe paa lake. Kisha nikatoka na bahasha, nikanunua malata, nikaleta fundi. Yaya alikaa nje siku nzima akiwa amewapa mgongo wapigaji misumari. Alininunia mpaka mvua za kwanza. Alidhani nimemkatia njia.

Mwaka ulipoisha ujumbe ulikuja tena, mgeni wa thamani, kidogo tu, usihuzunike. Niliufuta kwa pua ileile. Nikafungua masanduku yangu mawili, yale ya biashara, nikatoa samaki wangu wa kuuza mpaka vifurushi vya akina mama vikaenea. Faida ya safari hiyo ilikuwa ya kuchekesha. Kifurushi cha Yaya hakikuenea popote, nikakipakata.

"Akiuliza nyumba," Yaya aliniambia kwenye kituo cha basi, bado amenuna nusu, "umuambie malata iko juu."

Lusaka waliwaita watu wa dhahabu, wakaingia. Wakaitwa wa fedha, wakaingia. Mimi niliingia wa mwisho, kama mtu mwenye akili anavyopanda mashua. Wakubwa walikuwa wamekwisha kukaa na vinywaji vyao. Nikapita katikati yao polepole, chisense wa Yaya wakinuka kifuani, nikimsalimia kila mmoja, na safari hii hakuna aliyeutazama ukuta.