Nyuki wa Mama Ukumbini

Muziki ninaoufanya hauna ngoma wala mwimbaji. Narekodi sauti za vitu, kisha nawakalisha watu kimya wazisikilize mpaka mwisho. Mwalimu aliyenifundisha alikuwa na kanuni moja: sikiliza sauti yenyewe, usiulize inatoka wapi wala inataka nini. Niliishika kanuni hiyo kama dini, na nikajiona mwenye sikio kuliko wote Singida nzima.

Mama, anayefuga nyuki kule Itigi, alikuwa na swali moja tu: "Sasa hiyo nayo ni kazi?" Ndiyo maana nilimwalika kwenye onyesho langu mjini. Nilitaka sana akubali kwamba ni kazi.

Siku chache kabla, niligonga mzinga wake mmoja kama anavyogonga yeye, nikarekodi nyuki walivyoitika. Pale ukumbini Mandewa watu walilala kwenye mikeka, wakafumba macho. Mama alikataa kulala. Alikaa kwenye kiti cha mbele na kitenge chake kipya. Mvumo ukajaa ukumbi, mrefu, wa huzuni, ukipanda na kushuka. Nilikuwa nimeshausikiliza mara nyingi mno, na kila mara nilisisimka.

Dakika ya tatu mama akasimama.

"Mwanangu, zima hiyo. Hawa hawana malkia."

Watu wakafumbua macho. Niliona aibu, sifichi. Nikamnong'oneza, "Mama, naomba ukae. Ni muziki."

"Wenye malkia ukiwagonga wanaitika mara moja, wananyamaza. Hawa wanalia. Tukichelewa wataisha."

Kesho yake tulifungua mzinga ule niliourekodi. Malkia hakuwepo, wala yai hata moja. Mama akatoa sega lenye mayai kwenye mzinga mwingine, akawawekea ili walee malkia mpya. Baadaye walimlea.

"Upande huu nilikuwa sijafika siku nyingi," aliniambia siku ile akifunika mzinga. "Usingerekodi, wangekufa wote. Endelea na kazi yako."

Aliiita kazi. Nilirudi mjini nimevimba kichwa.

Siku ile ya ukumbini nilikuwa nimerekodi kila kitu, na ndiyo rekodi ninayoipiga sasa popote ninapoalikwa. Sauti ya mama sijaikata. Rekodi ikifika pale mama anaposimama, nami husimama, nikawaambia watu: huyo ni mama yangu, msikilizeni yeye.