Leso Katikati ya Kabichi

Mtu asikudanganye kwamba kabichi ni mboga ya amani. Za mke wangu nusura zinivunjie ndoa.

Tulikuwa tukiishi Thika, miaka ya hamsini, nami ndio nimeanza kazi kiwandani. Mke wangu alikuwa hospitalini, amejifungua mtoto wetu wa kwanza, na jua lilikuwa kali ajabu. Kabichi zake nyuma ya nyumba zikaanza kulegea. Mto ulikuwa karibu, lakini kwetu kuchota maji ilikuwa kazi ya mwanamke. Mwanamume akionekana na debe mgongoni, ukanda umepita kwenye paji la uso, angechekwa mpaka na kuku. Na wenzangu wa kiwandani nilikuwa nawajua, midomo yao haikuwa na breki.

Basi nikapiga bongo. Alfajiri nikajifunga leso moja ya mke wangu kiunoni, nyingine nikajitanda kichwani hadi machoni, nikashuka mtoni nimeinama na debe langu. Aliyeniona kwa mbali aliona mama fulani tu. Nilijiona mjanja, kumbe!

Nilikuwa katikati ya kabichi, namwagilia, niliposikia mtu akikohoa nje ya ua. Nikachungulia. Ngai! Mama mkwe. Alikuwa ametoka Ruiru jana yake, akalala kwa dada yake pale mjini, na sasa amepitia kuchuma mboga za kumpelekea binti yake.

Sisi, mtu na mama mkwe wake hawaangaliani usoni. Mkikutana njiani, mmoja anaingia kichakani. Nikampa mgongo, nikainama zaidi. Yeye akaingia ndani ya ua, akaniamkia vizuri tu, kama mama anavyomwamkia mama mwenzake. Nikanyamaza, ningejibu kwa sauti gani, na hii yangu inanguruma kama mashine ya kusaga? Akaniamkia tena. Kimya. Hapo akazitazama zile leso, ambazo moja alimnunulia binti yake yeye mwenyewe, na hasira zikampanda.

Mama huyo alijua kusema, Mungu anisamehe. Aliuliza ni nani huyu asiye na adabu, anayevaa nguo za mwanawe na kumwagilia mboga za mwanawe, na mwenyewe yuko kitandani. Akasema ameelewa sasa: mkwe wake ameleta mwingine kabla hata mtoto hajazoea titi.

"Leo hii namchukua binti yangu hospitalini, yeye na mtoto, twende zetu Ruiru," akasema. "Hapa harudi."

Mtoto mwenyewe nilikuwa sijampakata hata mara moja. Nikikaa kimya, nimekosa mke na mtoto. Nikijifunua, nimemvunjia mama mkwe heshima, tena nikiwa ndani ya nguo za kike. Heri aibu. Nikavua leso ya kichwani, nikageuka na masharubu yangu yote.

Aliniona kidogo tu, kisha akanipa mgongo haraka kama desturi inavyotaka, akautazama ua. Mabega yakaanza kumtikisika. Nikadhani analia. Alipopata sauti hakusema nami, alisema na ule ua.

"Mwambie huyo mwanamke maji humwagwa shinani, si juu ya majani. Na mke mwenza wa namna hii, mimi sina neno naye."