Nimemtoa kizazi mbwa wangu jike hapa Songea, mama akaninunia

Wakuu, poleni na majukumu. Haya yamenikuta mwenyewe hapa Bombambili, sijaongeza chumvi.

Nina mbwa jike, Tulia. Asubuhi za baridi, ukungu ukiwa bado umekalia mapaa, analala kibarazani miguu ikichezacheza, sijui anakimbilia wapi huko ndotoni. Namtazama mpaka chai inapoa.

Shida ni kuzaa. Watu wanakuja kuomba dume. Jike hakuna anayemtaka, eti ataleta msururu wa madume nyumbani. Basi huku kwetu vitoto majike wanaachwa kwenye mashine ya kusaga, wakajilie pumba.

Tunajiona tumepunguza mbwa. Kumbe wanaozaa ndio hao tuliowatupa, na mtaa umejaa.

Uzao wa mwisho Tulia alitokwa na usaha, akagoma kula. Dawa zilimsaidia, ila daktari wa mifugo akasema ugonjwa unaweza kurudi ukamuua, bora kizazi kitolewe. Hakunificha: anaweza kunenepa, wengine baadaye huvuja mkojo, na operation yenyewe ina risk.

Mama yangu, Mkatoliki wa kusali kila asubuhi, akakataa.

"Mungu kampa uzazi, wewe nani umnyang'anye?"

"Mama, huyu si mtu."

"Ndiyo maana hawezi kukukatalia."

Wakuu, nikampeleka Tulia kwa daktari hivyo hivyo.

Alipochomwa sindano alilala, safari hii miguu imetulia tuli. Niliogopa sana. Nje jua lilikuwa limetulia juu ya migomba na mimi nikaona kama mji mzima umesimama unasubiri.

Akazinduka, akanilamba mkono. Nililia kidogo.

Mama aliendelea kuninunia. Kisha mchana mmoja akarudi kutoka mashine na ndoo ya unga kichwani, kwenye kitenge kafunga kitoto cha mbwa, jike, mifupa mitupu.

"Akikua, na huyu umpeleke," akasema, akaingia jikoni kumtafutia uji.

Nilichojifunza: kutoa kizazi kuna faida na madhara, muulize daktari kuhusu mbwa wako. Tulia kweli kanenepa. Lakini kumtupa jike hakupunguzi mbwa hata kidogo.

Wenye uzoefu, wa kwenu walibadilikaje?

Na wewe unayesoma kimya kimya, yule jike wa mwisho kuzaliwa kwako, leo yuko wapi?