Wifi Aliyekataa Kumlisha Kaka

Gongo ndiyo iliyomwangusha kaka yangu. Bia ilikuwa haionekani miaka ile, sabuni yenyewe ya foleni, basi mwenye kiu alikunywa kilichopikwa nyuma ya nyumba. Kaka alikunywa kwenye sherehe Kiabakari, akarudi Makoko amejikunja, anapiga kichwa ukutani mpaka plasta inadondoka. Hospitalini mjini daktari alisema kongosho lake limewaka, linajichoma lenyewe humo tumboni. Akatuambia mimi na wifi, mkewe: asile kitu, hata uji.

Kisha akavimba. Miguu, uso, tumbo likang'aa kama ngoma. Baba zetu wadogo wakaja hospitalini na fimbo kutoka Butiama. Mkubwa wao akabonyeza mguu wa kaka kwa dole gumba, pakabaki shimo.

"Huyu amelishwa kitu," akasema.

Kwetu mume akivimba hivyo, mke anawekewaga chakula mbele ya ukoo. Anakula yeye, halafu anamlisha mume kwa mkono uleule, basi amesafika. Wakafunua sufuria ya sato wa kuchemsha.

Wifi akala. Alikuwa na njaa, akala vizuri kabisa, siku nyingine ningecheka. Walipomwambia amlishe mume, akarudisha mkono.

"Daktari amekataza, baba."

"Daktari ni wa ukoo gani?"

"Simlishi. Atakufa."

Fimbo ya kwanza ilimpata mdomoni. Wakamburuta kwa nywele hadi barazani, wakampiga mgongoni, mateke mbavuni, jino likabaki kwenye saruji. Sikujua kupigana, nikamlalia juu.

"Toka, binti, tusije tukakuua bure."

"Niueni tu, foleni ya sabuni imenichosha."

Ya kwangu ilitua begani, mkono ukafa ganzi. Hapo daktari akatoka, akaishika fimbo.

"Hajalishwa sumu," akasema. "Damu ina protini yake, inaitwa albumini. Ndiyo inayoshikilia maji ndani ya mishipa. Kwa ugonjwa huu imeshuka sana, maji yanavujia kwenye nyama."

"Inauzwa wapi?" baba mdogo akauliza.

"Hapa hatuna. Tumbo likitulia, mwili utaitengeneza wenyewe."

"Na asipopona?"

Baba mdogo akaketi mlangoni mwa wodi, fimbo magotini, macho kwa wifi. Akashinda hapo kila siku. Wifi, mdomo umemvimba kuliko miguu ya mgonjwa, akawa anamgeuza mume na kumlowanishia midomo kwa pamba.

Kaka akaanza kukojoa sana. Uvimbe ukanywea, miguu ikabaki mifupa na ngozi. Siku aliyoruhusiwa uji na ukakaa tumboni, wifi alimkunjia shuka vizuri, akamgeukia baba mdogo.

"Mwanao huyo. Mzima."

Akatoka, akapanda lori la pamba kwenda kwao Bunda. Kaka alipopata nguvu alimfuata, tena na tena. Wakwe walimkaribisha, wakamlisha akashiba, wakamsindikiza barabarani peke yake.