Msumari wa Jagmal

Miaka sita Jagmal hakukosa kazi hata siku moja, na sisi wapumbavu tukadhani anajipendekeza kwa tajiri. Mimi ndiye niliyemcheka kuliko wote. Naitwa Bhateri. Kwetu ni jina analopewa binti wazazi wakishachoka kuzaa wasichana, maana yake "wametosha", kwa hiyo mdomo huu nilizaliwa nao. Nilikuwa nikimwambia, "Kaka Jagmal, wewe hata ukifa utaripoti kazini saa mbili asubuhi." Anatabasamu tu, anaendelea kupapasa magogo.

Hapa Yamunanagar ngano na miwa huota katikati ya safu za mipopla. Mpopla ni mti wa mbao laini, haukawii. Ukifika miaka saba, minane, mkulima anaukata na kuuleta kiwandani kwa trekta tuufanye plaiwudi. Gogo linafungwa kwenye mashine, linazungushwa, kisu kinalimenya mpaka linakuwa ukanda mrefu mwembamba. Ukanda unakatwa vipande, na sisi wanawake tunavianika uani juani. Sasa, msumari ukiwa ndani ya gogo, kisu kimekwisha. Ndiyo maana Jagmal aliwekwa getini na nyundo yake, agonge kila gogo, asikilize, apapase, ang'oe.

Alikuwa anang'oa misumari ya kila aina, ya waya za ua, ya mabango ya uchaguzi, ya kufungia kamba za nyati wa maziwa. Siku mojamoja alikutana na ya waganga. Mtu akishikwa na mzimu, mganga anachukua unywele wa utosini mwake, anauzungusha kwenye msumari, anampigilia mzimu mtini. Mzimu utakaa humo muda wote msumari utakapokaa. Lakini mti sharti uwe mpipali, mti mtakatifu ambao kwetu hakuna anayethubutu kuutia shoka. Mimi mambo hayo nilikuwa nayaita ushamba.

Mwezi wa Februari binti yake, Angoori, akarudi nyumbani kutoka kwa mumewe na mimba ya miezi minane. Kwetu mtoto wa kwanza huzaliwa kwa mama, ila kwao Angoori hapakuwa na mama tena. Baba na binti walikaa chumba kimoja nyuma ya kituo cha reli. Jioni moja Jagmal akanifuata bombani ninakonawa.

"Dada Bhateri, kesho nampeleka mtoto hospitali. Nishikie geti asubuhi tu."

"Makubwa! Leo jua limetokea wapi?"

Hakucheka. Akaniambia mkewe, Murti, alikuwa mkunga. Murti alikufa wakati Angoori ana miaka kumi na tatu. Haikupita wiki, kila adhuhuri mtoto akaanza kuzungumza kwa sauti ya marehemu. Hali chakula, anakonda, anamwita baba yake kama mkewe alivyokuwa akimwita. Jagmal akaogopa. Akaona mama anamtaka mwanawe aende naye. Alimleta mganga, na mganga akasema watafute mpipali. Mpipali ulikuwa ng'ambo ya kijiji, mtoto anapiga mayowe, jua limewaka. Jagmal alikuwa kibarua wa mashamba ya Bwana Karamvir, na mbele ya kibanda chake palikuwa na safu ya mipopla michanga, minene kama mkono. Akasema, "Piga hapo hapo."

"Mpopla, dada! Mti wa kuuzwa! Nilishtuka kesho yake nikiwa nakunywa chai."

"Si ungekwenda kuung'oa?"

"Ukiung'oa unamfungulia." Akajifuta uso. "Basi nikauliza magogo ya Karamvir huuzwa wapi, nikaja kuomba kazi hapa. Ukija huo msumari, lazima niuone mimi kwanza. Nilikate gogo kipande kile, nikizike kizima kizima. Angoori ana mimba. Murti akitoka sasa atawachukua wote wawili."

Nilitaka kumtania, nikashindwa. Akanieleza alama: usawa wa kifua, kishimo kama kitovu, na gome limekunjamana kukizunguka. Nikamwambia aende kwa amani, mimi sina macho ya mapambo.

Kesho yake, saa nne asubuhi, yakaingia matrekta mawili ya Karamvir. Amini usiamini, jina lake kwenye karatasi ya mzigo nililisoma mara mbili. Nikagonga magogo hamsini na kitu, nikapapasa hadi viganja vikawaka. Nafees, fundi wa mashine, akawa ananipigia kelele: "Mama Bhateri, unachagua magogo au mchumba? Mashine inazunguka bure!" Nikafika kwenye gogo moja lenye kishimo. Nikaligonga. Likalia vizuri, mlio safi wa mbao. Nikajisemea, nami Bhateri mzima nishindwe na hadithi za mtu mjane? Nikalipitisha. Nalisema wazi kwa sababu bado linaniuma.

King'ora cha saa sita kilikuwa kinalia kisu kilipopiga kelele. Nafees akazima mashine, akatukana ukoo mzima wa mwenye shamba. Nikakimbilia uani kwenye vipande vya gogo lile, ambavyo wenzangu walikuwa wanavianika. Kwenye vile vya mwanzo hapakuwa na kitu. Halafu kikatokea kivuli cha kijivu, ukubwa wa sarafu. Hatua mbili mbele, kingine, cheusi zaidi. Kila gogo lilipozunguka mara moja, lile doa lilikuwa limejichapa tena, na kadiri gogo lilivyopungua ndivyo madoa yalivyosogeleana. Yalifuatana uani kote kama nyayo za mtu anayeharakisha. Upepo haukuwepo, lakini vile vipande vyenye doa vilikuwa vinatikisika, vya jirani vimetulia.

Jagmal aliingia saa saba kasorobo. Alianza kunisalimia, akaona uani. Akatembea kufuata yale madoa, moja moja, mpaka la mwisho.

"Uko wapi?"

Nikampa. Nafees alikuwa ameung'oa kwenye gogo, nami nimeushika kwenye kitambaa: msumari wa pembe nne, wa kufuliwa, na unywele mmoja mrefu umeuzunguka, hauna hata kutu.

"Angoori yuko na nani?" nikamuuliza.

"Peke yake. Nimemwacha amelala."

Akaichukua nyundo yake getini, tukapanda bajaji ya umeme. Njiani akaniambia ya hospitali, maana nilimwuliza. Mtoto amekaa mshazari tumboni. Daktari amesema uchungu ukianza hivyo, ni kisu, na damu ya Angoori ni kidogo mno, hawaahidi chochote. Nikalia palepale, mbele ya dereva. Mimi ndiye niliyemfungulia huyo mama.

Mlango ulikuwa wazi. Angoori alikuwa amechuchumaa jikoni anapika chapati, mgongo kwetu, na sahani tatu zimeshapangwa. Angejuaje kwamba nakuja? Hakugeuka.

"Baba Angoori," akasema, "mbona mafuta ya haradali mnayaweka juu hivi? Mjamzito ataruka?"

Sauti ilikuwa ya mwanamke mtu mzima, ya kikohozi kidogo. Jagmal akashika nguzo ya mlango. Msumari ulikuwa mkono mmoja, nyundo mkono mwingine. Nikamwona anatazama utosi wa binti yake.

"Murti, mwache mtoto," akasema. "Nakuomba. Nichukue mimi."

"Wewe nikufanyie nini?" Sasa akageuka. Uso ulikuwa wa Angoori, ila macho yalikuwa hayapepesi. "Miaka sita umenisimamisha mle. Unajua kukoje? Giza, na maji yanapanda yakinipita. Kila mwaka mbao inanifunika unene wa kidole. Nikawa nasikia trekta tu."

"Ulikuwa unamnyima chakula."

"Mimi? Alikuwa na homa ya matumbo! Nilikuja kumlisha, hakitulii kitu tumboni. Wewe ulileta mganga badala ya daktari, baba wee." Akajishika tumbo kwa mikono miwili. "Huyu amelala vibaya. Nipe siku tisa nimgeuze. Au nipigilie sasa hivi, na hospitali wampasue."

Jagmal alinitazama mimi. Mimi nitazame nani? Nikasema, "Kaka, weka nyundo chini." Nilisema tu, wala sikuwa na hakika.

Akaiweka, na tukaketi kula. Huyo aliyekuwa ndani ya Angoori akala sahani mbili, akainuka, akalala, akaamka binti mwenyewe, analalamika kiuno kinamuuma na nani amemaliza mtindi.

Niliomba ruhusa ya siku tisa, tajiri akafoka, nikafoka zaidi. Kila adhuhuri king'ora kikilia mbali kule, msichana ananyamaza katikati ya neno. Mikono yake inashika mafuta, inaanza kulikanda tumbo lake mwenyewe, taratibu, kwa vidole vya mtu aliyefanya kazi hiyo maisha yote. Nilikuwa naona kitu kinahama chini ya ngozi kutoka ubavu huu kwenda ule. Siku ya tano mikono ilikuwa inakanda na Angoori mwenyewe amelala usingizi, anakoroma. Nilitoka nje nikatapika. Jagmal alikaa pembeni muda wote. Siku za mwanzo alikuwa na msumari mfukoni na mkono juu yake. Siku ya saba nikamsikia anamsimulia marehemu bei ya ngano na nani kijijini amekufa, na yule anacheka kwa kikohozi.

Siku ya tisa, mchana, uchungu ukaja. Tulikuwa tumeshaita gari la hospitali, lakini mtoto hakungoja. Aliteremka kichwa kwanza, msichana, analia kwa hasira. Nilimpokea mimi, ila mikono ya mama yake ndiyo iliyokuwa inaniongoza, inanishika kifundo cha mkono, inanirudisha, inanisukuma. Kitovu kikafungwa. Muuguzi alipofika alisema aliyefanya kazi hii anaijua.

Muuguzi alipotoka nje kunawa, Angoori akafumbua macho, na hakuwa Angoori. Alimtazama mtoto kwenye mkono wake kwa muda mrefu. Akamnusa kichwa. Kisha akamwita mumewe.

"Baba Angoori, sasa nipigilie."

Jagmal alikuwa amepiga magoti. "Kaa, Murti. Sitakufunga tena. Nani anakufukuza?"

"Kila nikija mtoto wetu anapungua. Humwoni alivyokwisha? Mwili ni mmoja, tunaula wawili." Akamsogeza mtoto mbali kidogo na kifua chake. "Nipigilie leo, kabla sijampenda na huyu. Nikishampenda sitatoka."

Akajing'oa unywele wa utosini mwenyewe, akaniwekea mimi mkononi. Nadhani alijua ni mkono gani utakaopigilia.

Tulimwachia muuguzi mama na mtoto, tukaenda kwenye mpipali ulio kando ya mfereji, mimi na Jagmal, jua bado kali. Jagmal alizungusha unywele, akaweka ncha ya msumari kwenye gome. Mara tatu akainua nyundo, mara tatu mkono ukashuka wenyewe. Nikamnyang'anya. Pigo la kwanza likaingia. Nilipoinua la pili akanishika mkono.

"Ngoja," akasema.

Kwetu mtoto hapewi jina kabla ya siku kumi, na huyu alikuwa hajatimiza hata saa mbili. Jagmal aliinama, akaweka mdomo karibu na gome, akamwambia mkewe jina la mjukuu wao, awe nalo mle gizani. Alilirudia, polepole, kama mtu anayemwelekeza mgonjwa dawa. Halafu akasogea nyuma, akajifunika uso kwa kilemba, akaniambia nimalize.