Nilivyoukaanga Mchanga wa Bahari Yangu

Namshukuru Mungu aliyenipa mikono mara mbili. Ile ya kwanza nilizaliwa nayo kule Ushirombo, nikaiharibu mwenyewe. Hii ya sasa nimeipata nikiwa mama wa mapacha, na kila kidole nimekipigania. Nasimulia bila kuficha, maana kuficha ndiko kulikotaka kunimaliza.

Kabla ya ugonjwa nilikuwa mwanamke wa kazi. Kwenye machimbo ya Rwamgasa walinijua kama Mama Kulwa Mchomaji. Wachimbaji wakishasaga mawe na kuyaosha mwaloni, pale penye maji ya kuoshea, hukamatisha dhahabu kwa zebaki: zebaki inazishika chembe zote za dhahabu, linabaki donge la kijivu. Donge hilo waliniletea mimi. Nililiweka kwenye kikaango juu ya mkaa, zebaki ikapaa na moshi, dhahabu ikabaki. Nilifanya hivyo jikoni kwangu miaka sita. Nilijivuna, nisiseme uongo. Mkono wangu haukumwaga hata chembe.

Ugonjwa ulianzia mdomoni. Kila nilichokula kilikuwa na ladha ya msumari. Fizi zikavimba, nikipiga mswaki natema damu, mate yananijaa kama mtoto anayeota meno. Halafu usingizi ukanikimbia, zikaja hasira. Siku moja nilimrushia mume wangu mwiko kwa sababu alikohoa. Baba Kulwa akauokota, akaufuta, akasema, "Mama Kulwa, huyu si wewe." Alisema kweli, nami nikamnunia siku mbili.

Kisha mikono ikaanza kutetemeka. Kwanza kidole kidogo, mwisho yote miwili mpaka mabegani. Uji ukawa unaishia kifuani. Vifungo vya blauzi nilifungwa na wanangu, Kulwa akianzia juu, Doto akianzia chini, wakikutana katikati wanacheka. Mimi nilitaka kulia. Mtaani wakasema nimezoea gongo. Mama yangu mzazi akasema nimelogwa na wachomaji wenzangu, tukaenda kwa mganga. Nikachanjwa, nikafukizwa, nikarudi natetemeka vilevile, ila sasa nanukia.

Hospitali nilikwenda mara tatu. Kila mara nilijiandikisha kuwa mkulima. Huku kwetu kila mtu akifika hospitali ni mkulima, hata mwenye karasha tatu za kusagia mawe. Nilipimwa malaria, sukari, presha, vyote salama. Mara ya tatu daktari aliitazama mikono yangu laini, akaniuliza taratibu, "Mama, msimu huu umelima nini?"

"Mahindi."

"Ekari ngapi?"

Baba Kulwa, aliyenisindikiza, akashindwa kuvumilia. "Daktari, huyu hajashika jembe tangu nimuoe. Anachoma dhahabu."

Daktari akaweka kalamu chini. Mkojo ukapelekwa kupimwa, na majibu yalipokuja hakuzunguka. "Ni zebaki, mama. Ukiacha sasa, mwili utaitoa polepole na dawa zitausaidia. Ukiendelea, mikono hii hutaitumia tena." Nililia palepale mbele ya foleni nzima. Watoto na baba yao wakapimwa nao, na kwa rehema za Mungu hali yao haikuwa mbaya. Mwezi huohuo tukahamia Kalangalala, Geita mjini.

Huko ndiko nilikokutana na Dada Mwanahamisi, mtaalamu wa mazoezi ya mikono pale hospitalini, mzaliwa wa Tanga. Siku ya kwanza aliniletea boksi aliloliacha mgeni mmoja. Ndani mlikuwa na mihuri ya mpira yenye vishikio vya mbao, vyuma vyembamba vya kukatia maumbo, na mashine ndogo ya kuzungusha kwa mkono. Unaweka chuma juu ya karatasi, unavipitisha kwenye mashine, karatasi inatoka imekatika umbo la samaki. Picha zote zilikuwa za baharini: kasa, nyangumi, makombe, pweza.

"Tutatengeneza kadi za kuwapa pole wagonjwa," akasema.

"Mgonjwa mwenyewe si mimi?"

"Ndiyo. Anza na yako."

Muhuri wangu wa kwanza ulikuwa nyangumi. Mkono ulimgonga mara tatu kabla sijauzuia, akatoka na mikia mitatu. Mwanahamisi akacheka, nami nikacheka. Sikuwa nimecheka kwa miezi.

Bahari sijawahi kuiona. Mimi najua ziwa. Kwa hiyo kadi yangu ya pili nilimzungushia kasa magugu maji. "Mama Kulwa," Mwanahamisi akasema, "bahari haina magugu maji." Nikamjibu kwamba bahari yake haijakamilika. Mama yangu naye akaishika kadi juu chini. "Ng'wanawane, mwanangu, nyanza gani hii haina sato?" Kwake maji yote makubwa ni nyanza.

Nikajifunza. Mawimbi niliyakata kwenye vipande vya kitenge cha buluu, nikayapandanisha. Mwani nikautengeneza kwa katani, povu kwa maganda ya mayai yaliyopondwa. Miezi ikapita, mkono ukatulia kiasi cha kushika kikombe cha chai kilichojaa nusu. Nilikuwa na furaha ya kitoto. Kadi zangu zilipungukiwa kitu kimoja tu, ufuko. Mwanahamisi aliniambia mchanga wa kwao ni mweupe na unameta juani.

Mchanga unaometa! Huo nilijua unakopatikana. Nikaagiza kiroba kutoka Rwamgasa. Ulikuja una unyevu, haushiki gundi, basi nikaukaanga kama tunavyoukaanga mchanga wa kupikia karanga, nimeuinamia na mwiko mkononi, watoto wakiwa shuleni. Nilifanya hivyo wiki tatu. Kadi zilipendeza, jamani, ufuko unawaka! Na mikono ikaanza tena.

Nilikata tamaa kabisa. Niliona Mungu amenionjesha kisha akaninyang'anya. Sikwenda mazoezi, nikajifungia ndani, sitaki kuonana na mtu. Mwanahamisi akanifuata nyumbani. Alichukua kadi mezani, akapitisha kidole juu ya ufuko, akakitazama.

"Mchanga huu umeutoa wapi?"

"Ni marudio, ya Rwamgasa."

Marudio ni mchanga unaobaki baada ya dhahabu kuoshwa.

"Umeukausha vipi?"

Nikamwonyesha kikaango. Akakaa kitako kwenye mkeka. "Mama Kulwa! Umeacha kuchoma donge, sasa unachoma mabaki yake!"

Msije mkadhani sikujua. Rwamgasa kila mtu anajua kwamba marudio yana zebaki. Ila mimi niliyapa jina jipya. Tangu nilipoyaita ufuko, sikuyaona tena kuwa ni marudio, na chini ya jina hilo zuri niliirudisha sumu jikoni kwangu kwa mikono yangu. Niliona aibu kuliko siku ile ya ekari.

Watu wa hospitali walituelekeza jinsi ya kufunga vyote kwenye ndoo yenye mfuniko: mchanga, kikaango, mwiko na kadi zangu zote nzuri. Nyumba tuliipangusa kwa kitambaa chenye maji bila kufagia. Nikarudi kwenye dawa, nikarudi kwa nyangumi wa mikia mitatu. Safari hii ufuko niliutengeneza kwa chenga za mahindi. Mama akafurahi. "Sasa nyanza hii ina chakula."

Wewe unayetetemeka kama nilivyotetemeka, mwambie daktari kazi yako halisi. Hakuja kukukamata. Acha kuchomea ndani, na moshi ule usiuvute hata nje. Ukipona nusu halafu ukaanguka, usidhani umerudi mwanzo. Kagua nyumba yako, utamkuta aliyekurudisha. Na kama una mume wa kukuumbua mbele ya daktari kama wangu, mpikie vizuri. Kwake, kwa daktari yule na kwa Dada Mwanahamisi nasema wabeja, asanteni sana.

Sasa niwape raha. Mwaka huu nilipewa meza kwenye maonyesho ya wajasiriamali mjini Geita. Akaja mama mmoja, akageuza kadi zangu, akawaambia wenzake, "Hizi zimetoka Dar. Hapa nani wa kukata hivi?"

Nikamwambia avute kiti. Nilichukua chuma cha pweza, kigumu kuliko vyote, maana mikono yake minane ni myembamba na lazima uichomoe kwenye chuma mmoja mmoja kwa ncha ya sindano. Nyumbani nilishachana pweza wengi. Watu wakasogea. Nikazungusha mashine, nikashika sindano. Yule mama akawa anahesabu kwa sauti, na kufika wa tano wenzake wakamwitikia. Sita. Saba. Wa nane ukatoka mzima, na kabla mtu hajasema neno nilishapiga vigelegele mwenyewe.

"Namchukua huyuhuyu," akasema, "ila niandikie nyuma jina la fundi."

Nikachukua kalamu. Nikaandika jina langu, Rejina Masanja, polepole, herufi zote zimesimama kwenye mstari. Akalisoma kwa mbali, bila miwani.