Siku Tuliyobaki Mombo

Mama yetu aliiogopa bahari ambayo hakuwahi hata kuikanyaga. Kwetu ni Gare, juu milimani, ambako maji mengi kuliko yote ni ya mto wa kuvuka kwenda shambani. Mdogo wangu alipomwambia kwamba kazi aliyopata Tanga ni ya kupiga mbizi, mama aliacha kupepeta maharage akamtazama kama mtu anayeaga kwenda vitani. Tangu siku hiyo rozari yake ya jioni ilikuwa na fungu la baharini. Aliomba papa wasimwone, mawimbi yasimfunike, mtungi usimwishie hewa. Hakuna aliyemwambia aiombee barabara ya kutoka Mombo kuja nyumbani, maana hata sisi wakati huo hatukujua.

Kazi yenyewe nilimtafutia mimi. Mume wangu ni mtu wa Tanga, ana boti anayoikodisha kwa wageni wanaotaka kutazama matumbawe na mabaki ya meli ya chuma iliyozama zamani huko nje. Yeye ndiye nahodha. Mimi nawapokea wageni, napika chakula cha botini, na nawagombeza wanaoacha vifaa vyao njiani watu wakajikwaa. Mdogo wangu ndiye huwaongoza kule chini, na kwa mtu aliyejifunza kuogelea akiwa tayari na ndevu, kazi anaijua hasa. Anaingia kwenye ile meli kama anaingia jikoni kwetu. Mimi siipendi. Niliitazama mara moja kwa miwani, nikielea juu yake: kivuli kirefu kimelala ubavu, kimya, na samaki wakiingia na kutoka kwenye madirisha. Nilirudi botini bila kuambiwa.

Kuna sheria moja ambayo mume wangu haifanyii mzaha. Mtu akishazama kina kirefu, hewa inabaki imejificha kwenye damu yake, na lazima iachwe itoke polepole. Mpaka kesho yake haruhusiwi kupanda ndege, wala kupanda mlima. Wageni huelezwa kwa chupa ya soda: ukilegeza kifuniko taratibu, hakuna neno, ukikifungua ghafla, unaona mwenyewe kinachotokea. Wao hucheka. Sisi tuliacha kucheka tangu mgeni mmoja, mwanaume mwenye nguvu zake, alipotuaga mchana akaenda Lushoto kula baridi, bila kutuambia anakokwenda. Asubuhi aliamka haisikii miguu yake. Waliomteremsha walisema maumivu yalimwanza akiwa bado garini, kwenye kona za juu ya Mombo, akadhani ni uchovu. Mpaka leo hatembei.

Yule mgeni alikwenda mlimani kutembea tu, lakini kwa mdogo wangu mlimani ni nyumbani. Tukaishi hivyo: akitaka kwenda Gare, anakaa nchi kavu kwanza. Mama hatukumweleza. Angeongeza fungu jingine kwenye rozari na usingizi ungemwisha kabisa.

Nieleze kidogo habari za mama, maana bila hivyo yaliyofuata hayaeleweki. Nyumba yetu iko chini ya barabara, unaifikia kwa kijia kinachopita katikati ya maharage. Gari likianza kupanda kutoka njia panda ya kwetu, mama hulisikia kabla ya mbwa, na hutaja ni la nani. Halafu alikuwa na jambo lake la shikamoo. Kwenye simu haipokei. Ukimwamkia anakwambia, "Utanisalimia ukifika." Shikamoo kwake ilikuwa ya mlangoni, umesimama mbele yake anakuona kama umekonda. Nilikuwa namtania kwamba anazikusanya kama mayai. Hakucheka sana.

Mwaka ule aliugua muda mrefu. Alilazwa, akaruhusiwa kurudi nyumbani apumzike, na sote tulijua maana ya kupumzika huko. Lakini wiki ile alikuwa na nafuu. Mama mdogo, aliyekuwa akimuuguza, alituambia anakula na anabishana, na mama akibishana ujue yuko hai. Kwa hiyo mdogo wangu akarudi kazini. Siku ile alishuka kwenye meli mara mbili na wageni wake, na ndipo simu ilipolia, boti ikiwa njiani kurudi.

"Padri ameshampaka mafuta ya wagonjwa," mama mdogo alisema. "Anawauliza nyie. Njooni sasa hivi."

Mdogo wangu alikuwa bado na ile nguo ya mpira mwilini. Alianza kuivua pale pale. Mume wangu alimtazama, kisha akanitazama mimi.

"Wewe nenda," akaniambia. "Yeye kesho."

"Shemeji, ni mama," mdogo wangu alisema.

"Najua."

Walibishana mpaka tukafunga kamba gatini. Mwisho mume wangu akakubali tuongozane hadi Mombo tu, chini kabisa ya mlima, tusubiri huko asubuhi ipite. Hata Mombo hakuipenda, ila aliona nisipomchukua mimi atapanda basi. Funguo za gari alinipa mimi. Alizibana ndani ya kiganja changu kwa mikono yake miwili, na hakusema safari njema.

Joto la njiani lilikuwa la kuchosha. Mkonge, vumbi, mkonge tena. Tulipopita Korogwe milima ikaanza kutusogelea upande wa kulia, vilele vimefunikwa na wingu zito, na nikaona mdogo wangu anajisugua bega la kushoto.

"Nini hiyo?"

"Nanga. Niliivuta vibaya asubuhi."

Alikuwa ameivuta kweli, nilimwona. Lakini nililitazama lile bega kuliko nilivyoitazama barabara. Kila alipolishika nilikumbuka maumivu yaliyomwanza yule mgeni garini. Niliogopa, nasema wazi. Maisha yangu yote milima ile nimeifurahia nikiiona, na siku ile ilionekana kama inatungoja.

Mombo tuliegesha kwenye hoteli ya chai karibu na njia panda. Malori ya kabichi yalikuwa yanateremka kutoka juu, yananuka mashamba ya kwetu. Jua lilikuwa bado lipo. Kutoka pale ni mwendo mfupi sana, mtu anaweza kusema ni hapo tu, na ndivyo ndugu walivyosema kila walipopiga simu: mko Mombo, mnangoja nini, si hapo tu? Niliwaeleza habari ya hewa kwenye damu. Mjomba mmoja akaniuliza kama nimelewa.

Kosta ya Lushoto ikasimama. Mdogo wangu akainuka bila kuaga. Nilimkamata shati kwa nyuma mbele ya watu wote.

"Niache, dada."

"Panda. Panda basi, nizike wawili."

"Yule alikuwa mgeni tu. Mimi nimezaliwa huko."

"Damu yako haijui ulikozaliwa. Kaa chini."

Alikaa. Kondakta alitutukana kwa kumchelewesha, akaondoka. Mdogo wangu aliweka kichwa mezani, na akasema, bila kuninyanyulia uso, "Basi nenda wewe. Mmoja wetu afike. Nakuahidi nitabaki."

Hapo ndipo nilipomchukia. Alikuwa na haki, mama alikuwa wangu pia, nami sikuwa nimezama popote. Ningeweza kuwasha gari nikafika kwa mama. Lakini namjua tangu nambeba mgongoni. Ningepotea kwenye kona ya kwanza tu naye angekuwa kwenye gari linalofuata. Nikaagiza chai ambayo hakuna aliyeinywa, nikakaa, na kila dakika niliyokaa niliiona inatoka kwa mama.

Simu ikalia tena. Mama mdogo alinong'ona: "Namwekea sikioni. Anauliza mmefika wapi. Msimwambie mambo ya Mombo, nawaomba."

Mdogo wangu akaichukua, akaweka sauti ya juu ili na mimi nisikie. "Shikamoo, mama."

"Utanisalimia ukifika." Sauti ilikuwa ndogo, lakini ni yeye. "Mko wapi?"

Alinitazama. Kisha akageuka, akaukabili mlima ambao hatukuwa hata tumeanza kuupanda.

"Tunaingia Soni, mama."

"Maji yapo?"

"Yapo mengi. Pale kwenye maporomoko yanarukia mpaka barabarani."

"Mvua ilinyesha jana," mama akasema, kwa Kishambaa sasa, na yeye akamfuata kwa Kishambaa. Akampitisha njia nzima. Wanawake wenye mapeasi kando ya barabara. Miti ya mbao. Kona iliyobomoka tangu masika. Njia panda ya kwetu, lami inaishia hapo, utelezi. Hakuharakisha. Alimwachia muda wa kila mahali, kama vile gari lilikuwa linakwenda kweli. Watu wa hoteli ile, wengine Washambaa, waliacha kula.

"Mwambie dada yako aendeshe taratibu," mama alisema.

Nilikuwa nimezishika funguo mpaka zimeniuma kiganja. Nilifungua mdomo nimwambie ndiyo mama, sauti haikutoka. Mdogo wangu akajibu kwa niaba yangu.

Wakafika kanisani. Wakafika shuleni. Kisha mama akanyamaza, na tukasikia pumzi yake tu, nzito, na nyuma yake mtu analia kwa kujizuia.

"Mbona silisikii gari?"

Mdogo wangu alifumba macho. "Tumeliacha juu barabarani, mama. Kuna tope. Tunashuka kwa miguu, tuko kwenye maharage."

"Msiyakanyage." Kisha, si kwetu tena: "Fungua mlango."

Tulisikia komeo la mlango wetu. Linakwaruza, halijawahi kutiwa mafuta, ningelijua popote duniani. Halafu simu ikakatika. Mama mdogo alipopiga tena jua lilikuwa limezama, na mama hakuwepo tena.

Kesho yake, ruhusa ya mume wangu ilipokuja, niliendesha taratibu. Kila kona nilimtazama bega, nikamuuliza, akasema hakuna kitu. Hakukuwa na kitu. Huenda hata jana yake kisingekuwapo. Mume wangu anasema hilo haliwezi kujulikana, na nimechoka kumuuliza. Juu barabarani kulikuwa na tope kweli. Tuliliacha gari, tukashuka kwa miguu katikati ya maharage, mdogo wangu mbele, anachagua pa kukanyaga.

Waombolezaji walijaa uani, na baadhi yao hawakutupa mkono. Mama mdogo alituvuta pembeni, kwenye ukuta wa jiko. Nilidhani anataka kutulaumu, na nilikuwa nimejiandaa, maana mimi pia nina mdomo.

"Nilipofungua mlango aligeuza kichwa," akasema. "Alitazama nje vizuri kabisa. Akaitikia."

"Aliitikia nini?" mdogo wangu akauliza.

"Marahaba. Mara mbili, hivi na hivi, kama watu wawili wameingia wamefuatana. Ndipo akalala."

Mdogo wangu akakaa chini pale pale kwenye majivu, akalia kwa sauti. Mimi nilibaki nimesimama. Yeye walau alikuwa amemwamkia kwenye simu. Mimi shikamoo yangu ilikuwa bado kooni.